Simu ya Bei Nafuu na Chipu Iliyotelekezwa

Januari 2013, jijini Nairobi, Safaricom na Intel walizindua simu janja iliyopewa jina la Yolo. Iliuzwa shilingi 10,999 za Kenya, na mnunuzi alipewa megabaiti 500 za intaneti bure. Ilitangazwa kuwa simu ya kwanza barani Afrika yenye chipu ya Intel, kampuni ambayo kwa miongo kadhaa chipu zake ndizo zilizoendesha kompyuta nyingi duniani. Wengi waliamini kwamba mfalme wa kompyuta amekuja kutwaa na soko la simu.

Hakulitwaa. Aprili 2016 Intel ilifuta chipu za simu ilizokuwa ikiziandaa, ikaondoka uwanjani. Hasara iliyoiacha nyuma inatisha: mwaka 2014 peke yake, kitengo chake cha simu na mawasiliano kilipoteza dola bilioni 4.2. Sehemu ya fedha hizo ilikwenda kuwalipa watengenezaji wa vishikwambi ili wakubali kutumia chipu zake badala ya za wapinzani. Kampuni tajiri kuliko zote katika biashara ya chipu ilikuwa inatoa fedha ili bidhaa yake ipokelewe, na bado haikupokelewa.

Kisa hicho kina uzito kwa msomaji wa Dar es Salaam, Kisumu au Bujumbura, kwa sababu kampuni zilizoishinda Intel ndizo leo zilizomo mfukoni mwake. Zilishinda kwa kushusha bei hadi mama anayeuza mboga akaweza kumiliki simu janja. Hilo ni jambo kubwa, na sifa yake haipaswi kupunguzwa. Lakini kuna jambo ambalo kampuni hizo hazikushindania hata kidogo katika simu za bei ya chini, nalo ni muda ambao chipu itaendelea kutunzwa baada ya simu kuuzwa. Kwa watu wanaoweka akiba yao, mishahara yao na mikopo yao ndani ya simu, pengo hilo ni hatari, na serikali za Afrika Mashariki zina uwezo wa kuliziba.

Mizizi ya ushindi huo iko Cambridge, Uingereza, katika kampuni ndogo ya kompyuta iliyoitwa Acorn. Sophie Wilson na Steve Furber walisanifu humo chipu iliyowashwa kwa mara ya kwanza Aprili 1985. Walikuwa na sababu ya kibahili: walitaka chipu itakayofungwa katika ganda la plastiki, kwa kuwa ganda la kauri lilikuwa ghali, na plastiki haivumilii joto. Kwa hiyo chipu ilipaswa kula umeme kidogo sana. Furber alipopima umeme unaotumika, kipimo kilisoma sifuri. Ikabainika kwamba waya wa umeme wa chipu haukuwa umeunganishwa kabisa. Chipu ilikuwa inafanya kazi kwa umeme mchache uliopenya kutoka kwenye sehemu nyingine za bodi.

Wakati huo hakuna aliyekuwa na haja kubwa na sifa hiyo, maana kompyuta za mezani zilichomekwa ukutani. Miaka michache baadaye ikawa ndiyo sifa yenye thamani kuliko zote. Novemba 1990 Acorn, Apple na VLSI Technology walianzisha kampuni ya Arm, ambayo iliamua kutojenga kiwanda. Arm inauza ramani, nyumba wanajenga wengine: kampuni yoyote inalipia leseni, inasanifu chipu yake juu ya ramani hiyo, kisha inalipa mrabaha mdogo kwa kila chipu inayotoka. Nokia 6110, iliyotangazwa mwishoni mwa 1997, ilikuwa na chipu ya Texas Instruments iliyojengwa juu ya ramani ya Arm. Tangu hapo njia imekuwa ni hiyo. Kufikia 2023 Arm ilihesabu zaidi ya chipu bilioni 250 zilizotoka kwa wateja wake.

Intel ilipogutuka ilikuwa imechelewa. Mwaka 2006 iliiuzia Marvell kitengo chake cha chipu za XScale, ambazo zilitumia usanifu huohuo wa Arm, kwa dola milioni 600. Paul Otellini, aliyekuwa mkuu wake, alikiri mwaka 2013 kwamba Apple iliwahi kuijia Intel kutaka chipu ya iPhone kabla simu hiyo haijatoka, naye akakataa kwa sababu bei iliyotajwa ilionekana kuwa chini ya gharama. Yolo ilipofika Nairobi, programu nyingi za Android zilikuwa zimeandikwa kwa ajili ya Arm, na chipu ya Intel ililazimika kuzitafsiri kwanza ndipo iziendeshe. Na modemu, sehemu inayoongea na mnara, ilikaa kwenye chipu ya pembeni, wakati wapinzani walikuwa wameshaifunga pamoja na prosesa katika kipande kimoja.

Modemu ndiyo iliyowazika wengi. Texas Instruments, iliyolisha simu za Nokia kwa miaka mingi, ilitangaza mwaka 2012 kwamba inaachana na soko la simu na vishikwambi. Broadcom ikaifuata 2014. Nvidia ilinunua kampuni ya modemu ya Icera mwaka 2011 kwa dola milioni 367, na mwaka 2015 ikatangaza kuifunga. Chipu yake ya Tegra ilikuja kupata makazi ndani ya Nintendo Switch, mashine ya michezo ya mkononi iliyotoka Machi 2017, ambayo haihitaji kuongea na mnara wowote. Hata Apple, yenye fedha na wahandisi wa kutosha, iliinunua biashara ya modemu za simu ya Intel kwa dola bilioni 1 mwaka 2019, na modemu yake ya kwanza haikuonekana hadi Februari 2025, katika iPhone 16e.

Aliyefaidika zaidi na ugumu huo ni Qualcomm ya San Diego. Iliuza modemu bora, na pia ilimiliki hataza za teknolojia ya mawasiliano ambazo kila mtengenezaji wa simu alizihitaji. Sera yake ilikuwa kwamba asiyechukua leseni hauziwi chipu, na ada ya leseni ilikokotolewa kwa asilimia ya bei ya simu nzima, pamoja na kioo na kamera ambavyo Qualcomm haikuvitengeneza. Mei 2019 Jaji Lucy Koh wa California aliamua kwamba mwenendo huo unavunja sheria ya ushindani. Agosti 2020 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu hiyo. Wanasheria wataendelea kuvutana juu ya nani alikuwa sahihi. Kwa mnunuzi, jambo lililo wazi ni kwamba katika miaka hiyo simu yenye chipu ya Qualcomm ilikuwa vigumu kuwa rahisi.

Urahisi ulitoka Hsinchu, Taiwan.

MediaTek ilianzishwa huko mwaka 1997, ikaanza kwa chipu za mashine za kusoma CD na DVD. Chini ya mwenyekiti wake Tsai Ming-kai iliingia kwenye simu kwa mkakati ambao wakubwa waliudharau. Badala ya kumuuzia mteja chipu tupu na kumwacha ahangaike, ilimpa kifurushi kizima: chipu, programu ya kuiendesha, na michoro ya bodi iliyokwisha kujaribiwa. Kazi iliyokuwa ikihitaji jeshi la wahandisi kwa mwaka mzima, karakana ya Shenzhen iliweza kuimaliza kwa miezi michache ikiwa na watu wachache. Ganda, betri na spika vilinunuliwa sokoni, hata mtaa wa pili, na simu ikatoka.

Watu wa Afrika Mashariki wanazikumbuka vizuri simu hizo. Ndizo zilizoitwa simu za Mchina: spika zinazosikika hadi kwa jirani, tochi kichwani, antena ya kuvuta televisheni, na juu ya yote nafasi ya laini mbili, wakati mwingine tatu. Katika nchi ambako kupiga mtandao mwingine kuligharimu zaidi, na ambako kila mtandao una vifurushi vyake, laini mbili katika simu moja zilikuwa ukombozi. Kampuni kubwa za wakati huo zilichelewa kuliona hilo. Transsion, iliyoanzishwa 2006 na Zhu Zhaojiang, ililiona, na majina ya Tecno, itel na baadaye Infinix yakaenea kutoka Kariakoo hadi Luthuli Avenue.

Urahisi huo ulikuwa na upande wake mbaya. Karakana zilezile ziliweza kutengeneza simu yenye nembo ya uongo na namba ya utambulisho, IMEI, iliyonakiliwa au kubuniwa. Kenya ilizizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012. Tanzania ikafanya hivyo Juni 2016 kupitia mamlaka yake ya mawasiliano, TCRA. Katika nchi zote mbili watu wengi waliamka simu zao hazishiki mtandao.

Baada ya hapo akatokea wa chini zaidi ya MediaTek. Spreadtrum ya Shanghai, iliyoanzishwa 2001 na ambayo tangu 2018 inaitwa Unisoc, ilijikita kwenye vitochi na simu janja za bei ya mwisho kabisa. Intel yenyewe, katika siku zake za kuhangaika, mwaka 2014 iliahidi dola bilioni 1.5 kununua asilimia 20 ya kampuni mama iliyoimiliki. Mvutano kati ya MediaTek na Unisoc ndio uliosukuma bei za simu janja chini hadi zilipo. MediaTek nayo ilipanda juu: katika robo ya tatu ya mwaka 2020, kwa hesabu za Counterpoint Research, iliipita Qualcomm kwa idadi ya chipu za simu janja zilizouzwa duniani.

Magazeti ya teknolojia hayakuzungumzia sana mvutano huo. Yaliandika kuhusu Apple na chipu zake, kuhusu Samsung na chipu zake za Exynos, na kuhusu Huawei, ambayo vikwazo vya Marekani vilikata njia yake ya kwenda TSMC, mtengenezaji wa chipu wa Taiwan, mnamo Septemba 2020, kisha ikaushangaza ulimwengu Agosti 2023 kwa Mate 60 Pro yenye chipu iliyotengenezwa ndani ya China. Ni habari nzito zote. Lakini hazisemi lolote kuhusu simu ambayo dereva wa bodaboda anaitumia kupokea malipo.

Habari ya simu hiyo inaonekana vizuri mwaka 2023. Apple ilitoa iPhone 15 Pro yenye chipu ya nanomita 3. Mwaka huohuo itel ilitoa P40, na ndani yake ilikuwamo chipu ya Unisoc ya familia ya SC9863A, ya nanomita 28, iliyotangazwa mwaka 2018. Kadiri nanomita zinavyopungua ndivyo chipu inavyofanya kazi nyingi kwa umeme mchache, kwa hiyo tofauti ya nguvu ni kubwa mno. Hilo pekee si kosa. Chipu kongwe ni rahisi, na kwa kupiga simu, WhatsApp na M-Pesa inatosha. Kosa lipo mahali ambapo mnunuzi hawezi kuona akiwa dukani.

Android inapotolewa au kurekebishwa na Google, haiendi moja kwa moja kwenye simu. Kwanza mtengenezaji wa chipu anapaswa kuandaa programu zinazoiwezesha chipu yake kuelewana na toleo hilo. Kisha mtengenezaji wa simu anaichukua kazi hiyo, anaiunganisha na mfumo wake, anaijaribu na kuituma kwa wateja. Mtengenezaji wa chipu akiamua kwamba chipu fulani imezeeka, mnyororo unakatika mwanzoni kabisa, na wa pili hana la kufanya ila kwa taabu kubwa. Akilala wa pili, kazi ya wa kwanza inabaki kabatini. Kwa vyovyote vile, anayeumia ni aliyelipa.

Mfano wa namna ya pili umeandikwa wazi. Mwaka 2019 ilijulikana kwamba chipu nyingi za MediaTek zina ufa unaomwezesha mtu kuchukua mamlaka yote ya simu kwa amri chache tu. MediaTek ilikuwa na kiraka tayari kufikia Mei mwaka huo. Watengenezaji wengi wa simu hawakukituma. Januari 2020 watafiti wa Trend Micro walikuta katika duka la programu la Google programu za kijasusi zilizokuwa zinautumia ufa huohuo, na ilibidi kufika Machi 2020 ndipo Google ilipouweka katika taarifa yake ya usalama ya mwezi, ili kuwasukuma waliolala. Miezi kumi dawa ipo, wagonjwa hawajapewa. Unisoc nayo ilipata zamu yake mwaka 2022, pale Check Point Research walipotangaza udhaifu katika modemu zake uliomruhusu mshambuliaji kukata mawasiliano ya simu. Kiraka kilitengenezwa. Ni simu ngapi za bei nafuu zilikipokea, haijulikani.

Namna ya kwanza ya kukatika kwa mnyororo inaonekana kwa Fairphone, kampuni ndogo ya Uholanzi. Simu yake ya Fairphone 2, iliyotoka 2015, ilikuwa na Snapdragon 801 ya Qualcomm. Qualcomm iliacha kuihudumia chipu hiyo. Wahandisi wachache wa Fairphone wakaamua kuendelea wenyewe, wakaivusha simu hadi Android 10, na wakaihudumia hadi Machi 2023. Kama kampuni ndogo ya Ulaya iliweza kumlinda mteja kwa zaidi ya miaka saba bila msaada wa mtengenezaji wa chipu, kampuni zinazouza mamilioni ya simu Afrika zikisema haiwezekani zinahitaji kuulizwa maswali magumu zaidi.

Na ushahidi kwamba inawezekana hata kwa chipu za kawaida upo dukani. Samsung ilipotoa Galaxy A16 mwishoni mwa 2024, simu isiyo ya matajiri, iliiahidi masasisho ya miaka 6. Toleo lake la 4G lina Helio G99 ya MediaTek, chipu ya mwaka 2022. Chipu hiyohiyo imo ndani ya Infinix Note 30 na katika simu nyingine za kundi la Transsion ambazo hazikuja na ahadi ya miaka 6. MediaTek ni ileile, chipu ni ileile. Kilichotofautiana ni uamuzi wa aliyeifunga kwenye ganda, na uamuzi unaweza kubadilishwa na sheria au na wateja.

Wengine wameshaubadilisha. Kuanzia tarehe 29 Aprili 2024 sheria ya Uingereza inamlazimu anayeuza kifaa kinachounganishwa na intaneti kutangaza kitapata masasisho ya usalama hadi lini. Umoja wa Ulaya ulikwenda mbali zaidi: tangu 20 Juni 2025 masasisho ya simu na vishikwambi yanapaswa kupatikana kwa angalau miaka mitano baada ya modeli kuacha kuingizwa sokoni. Simu zisizofikia viwango hivyo hazitapotea duniani. Zitatafuta masoko yasiyouliza, na soko la Afrika Mashariki kwa sasa haliulizi.

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo si ya kupuuzwa. Kuwalazimisha watengenezaji kutoa miaka mitano ya masasisho kunaweza kupandisha bei, na ongezeko dogo tu laweza kumrudisha mtu kwenye kitochi. Kwa wafanyabiashara wadogo na wanafunzi hilo lingekuwa pigo. Kwa sababu hiyo njia ya Uingereza inafaa kuanza nayo hapa. Haimzuii mtu kuuza simu ya bei ya chini. Ikiletwa hapa, ingemlazimu aandike ukweli kwenye boksi: jina la chipu, mwaka ilipotoka, na tarehe ambayo masasisho ya usalama yatakoma. Mama anayechagua kati ya simu mbili za laki mbili atajua kwamba moja itatunzwa miaka minne na nyingine miezi sita. Hapo ndipo MediaTek, Unisoc na wateja wao watakapoanza kushindana kwa jambo hilo pia, maana litakuwa linaonekana.

Leo boksi linasema nini? Ukubwa wa kamera, gigabaiti za kuhifadhia, na RAM ambayo mara nyingi sehemu yake imeazimwa kutoka kwenye hifadhi. Jina la chipu, kama limeandikwa, liko kwa herufi ndogo kabisa. Muuzaji dukani halijui, wala halitaji. Fundi anayejua thamani yake hukutana na simu ikiwa imeshaganda na mwenyewe anaomba iflashiwe, wakati ambapo hakuna toleo jipya la kuweka.

Mamlaka za Afrika Mashariki zina nguvu kuliko zinavyoonyesha. Kila modeli ya simu inapaswa kuidhinishwa na TCRA kabla ya kuuzwa Tanzania, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ina utaratibu kama huo. Taasisi zilizoweza kuzima simu bandia kwa kufuata IMEI haziwezi kushindwa kudai mstari mmoja wa maandishi kwenye boksi. Fomu ya maombi ya uidhinishaji inaweza kuongezewa kipengele kesho.

Kenya ina nafasi ya ziada. Oktoba 2023 kilizinduliwa Athi River kiwanda cha kuunganisha simu cha East Africa Device Assembly Kenya, ambacho Safaricom ni mbia wake, chenye uwezo uliotangazwa wa simu milioni 3 kwa mwaka. Chipu bado zinaagizwa kutoka nje, lakini anayeziagiza sasa yuko hapa nyumbani. Anapokaa mezani na muuzaji wa chipu kujadili bei, muda wa masasisho unaweza kuwa kipengele cha mkataba, kama ilivyo dhamana ya betri.

Serikali zenyewe pia ni wateja wakubwa. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Tanzania ya Agosti 2022 viligawiwa walimu baadaye, uamuzi mzuri uliovipa kazi ya pili yenye manufaa. Kazi hiyo ya pili itaendelea kwa muda ambao chipu zilizomo zinatunzwa, kwa sababu kishikwambi kisicho na viraka vya usalama hakifai kubeba matokeo na taarifa za wanafunzi. Zabuni ijayo ya vifaa vya namna hiyo, iwe ya Dodoma, Nairobi au Kigali, inaweza kutaja idadi ya miaka ya masasisho katika masharti yake ya kiufundi na kumnyima ushindi asiyeitimiza. Kwa oda ya maelfu kwa maelfu ya vifaa, Hsinchu na Shanghai watasikiliza.